Kabla Hujatuma Arbuni: Kuchagua Fanicha ya Mbao Ngumu Msambweni

Ukishika barabara ya Ukunda kwenda Lunga Lunga, karakana za maseremala hazikosi kando ya njia. Kitanda kimesimamishwa wima nje, fremu za makochi bado hazijavishwa matakia, mlango umeegemezwa kwenye mwembe. Msambweni, takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa, mambo ni hayo hayo. Wateja wetu wengi wa Kwale hawanunui fanicha dukani. Wanaongea na fundi, wanamwonyesha picha kwenye simu, wanaelewana bei, halafu wanamtumia arbuni. Kazi inaanza.

Na hapo ndipo tunapoingia sisi. Sisi ni watu wa malipo, si maseremala. Lakini ukisoma malalamiko ya fanicha yanayofika kwenye meza yetu ya huduma kwa wateja, utaona mengi hayaanzi kwenye simu. Yanaanza kwenye mbao. Mtu amelipia mbambakofi, ameletewa mbao nyingine iliyopakwa rangi nyekundu. Mtu amelipia kitanda cha maisha, mvua za masika zimefika na mbavu zimepinda. Pesa ilienda vizuri kabisa, tena kwa sekunde chache. Kilichokwenda kombo ni kile ilichonunua.

Kwa hiyo leo tunaanza na mbao, kisha tutafika kwenye malipo.

Mbao ngumu ni zipi hasa?

Wataalamu wa miti huita "mbao ngumu" zile zinazotoka kwenye miti ya majani mapana, na "mbao laini" zile za miti kama saiprasi na paini. Mgawanyo huo haukusaidii sana ukiwa mbele ya fundi, kwa sababu si kila mti wa majani mapana una mbao ngumu kweli. Afadhali ujue majina ya miti yenyewe.

Mbambakofi ndiyo mfalme wa pwani. Kiini chake ni kahawia yenye wekundu, ni mzito, hautikisiki sana na mabadiliko ya unyevu, na mchwa hawaupendi. Wenzetu wa Tanzania wengi huuita mkongo. Mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu huenda umeziona kwenye shanga za watalii kule Diani. Ni mbao nzuri, na ni ghali kwa sababu mti wenyewe umebaki mchache na hukua polepole.

Mvule unafuata. Ukiwa mpya una rangi ya manjano, kisha unageuka kahawia ya dhahabu kadri siku zinavyoenda. Nao mchwa wanauogopa. Mafundi hulalamika kwamba mara nyingine ndani ya mvule hukutwa vipande vigumu kama jiwe vinavyokula meno ya msumeno, kwa hiyo fundi akikuambia mvule umemharibia msumeno, usidhani anatafuta kisingizio cha kupandisha bei. Mninga nao hufanya kazi safi sana, maana haupindi ovyo. Ukikatwa, mti huo hutoa utomvu mwekundu kama damu.

Halafu kuna mwarobaini, na hapa tunataka kukaa kidogo kwa sababu unadharauliwa bure. Mti huu uliletwa kutoka Bara Hindi na sasa uko karibu kila boma pwani. Watu wanaujua kwa dawa. Mbao yake ina wekundu wa kupendeza, na ule uchungu wa majani unaanzia kwenye mti mwenyewe: wadudu wanaotoboa mbao na mchwa huukwepa. Shida yake ni nyuzi zilizojisokota, kwa hiyo fundi mvivu akiupiga randa unachanika chanika, na vipande virefu vilivyonyooka ni vigumu kupatikana. Lakini kwa meza ya chakula, stuli, kabati dogo au kichwa cha kitanda, ukikauka vizuri unakupa kazi ya miaka mingi kwa bei ya chini kuliko mbambakofi. Tena ukikatwa mwarobaini wa shambani, hakuna msitu ulioguswa. Kama bajeti yako ni ya kawaida, kwa maoni yetu hapa ndipo pa kuanzia.

Mwembe ni tofauti. Unapendeza ukipigwa vanishi, lakini usipokaushwa haraka unapata madoa ya kuvu, na wadudu wanautoboa kama mkate. Kama fundi anatumia mwembe, muulize mbao zilitiwa dawa gani na lini.

Na mnazi? Huo ni kichekesho cha wanasayansi, kwa sababu hauko upande wowote, si mbao ngumu wala laini kwa hesabu yao. Miti mingine kiini chake ndicho kigumu. Mnazi ni kinyume: ugumu uko nje karibu na gome, na katikati ni laini kama sponji. Meza ya mnazi iliyotengenezwa kwa mbao za nje za mnazi mzee, sehemu ya chini ya shina, ni imara na ina madoadoa mazuri mno. Iliyochanganywa na mbao za katikati italegea. Tazama nukta nyeusi kwenye ubao: zikiwa zimesongamana, ni mbao ya nje, zikiwa zimeachana achana, hiyo ni ya ndani.

Kupima kwa macho na mikono

Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji dakika 20 na uso mkavu kidogo.

Anza chini. Vanishi hupigwa juu kwa sababu watu hutazama juu. Wewe inama, tazama mgongo wa kabati, chini ya meza, ndani ya droo. Hapo ndipo rangi halisi ya mbao ilipo. Kama juu ni nyekundu iliyokolea na chini ni nyeupe ya maziwa, uliza kwa upole: "Fundi, hii ni mbao gani, na mbona huku chini rangi ni nyingine?" Inawezekana kabisa amechanganya mbao na alitaka kukuambia. Inawezekana pia hakutaka.

Tazama pembeni mwa ubao. Ubao wa kweli, ile mistari yake ya juu inaendelea mpaka ukingoni na kugeuka. Kama mistari ya juu ni ya mbambakofi na ukingoni kuna utepe uliobandikwa, hiyo ni chipubodi au MDF iliyovishwa ngozi. Hatusemi chipubodi ni dhambi. Kwa mtu anayehamahama nyumba za kupanga inaweza kumfaa. Lakini hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, chipubodi ikinywa maji inavimba na hairudi. Usiilipie kwa bei ya mbao.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui: hata mbambakofi una sehemu dhaifu. Ule weupe wa pembeni karibu na gome hauna kinga ya kiini. Wadudu wanaula. Kwa hiyo miguu ya kitanda ikiwa na ukanda mweupe, mwambie fundi autoe au abadilishe. Na ukiona vishimo vidogo kama vya pini, na chini yake unga laini kama poda, ondoka. Huo unga maana yake wadudu wamo ndani na bado wanakula.

Kisha viungo. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Kitanda kizuri kina ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu na kukazwa. Droo nzuri imeunganishwa kwa meno yanayoshikana pembeni kama vidole vya mikono miwili. Kitanda kilichopigwa misumari tu kitaanza kulia usiku, na majirani watasikia. Kwa vyuma vinavyobidi kuwepo, omba shaba au chuma kisichoshika kutu. Hewa ya chumvi ya Msambweni, Gazi na Shimoni inaila parafujo ya kawaida, na kutu ikianza inatia doa jeusi kwenye mbao yote ya jirani.

Mbao mbichi

Kama tungeambiwa tuchague swali moja tu la kumuuliza fundi, lingekuwa hili: "Fundi, mbao hizi zimekaa muda gani tangu zipasuliwe?"

Mbao hunywa unyevu na kuutema. Mti ukiwa umetoka kukatwa umejaa maji, na yakitoka ubao unasinyaa. Ukitengenezewa kabati kwa mbao mbichi, kusinyaa huko kutatokea chumbani kwako, na ndipo unaona mpasuko katikati ya mlango au kiungo kikiachia. Ubao mgumu wa inchi moja ukikaushwa kwa hewa chini ya kivuli unahitaji miezi kadhaa, si wiki. Mbao zinapangwa zikitenganishwa kwa vijiti ili upepo upite. Ukifika karakana ukaziona zimepangwa hivyo, hiyo ni dalili njema sana. Ukiona zimelazwa juani moja kwa moja, zitapasuka kwenye ncha.

Majira pia yana neno. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, hewa ni kavu zaidi na mbao zinatulia. Masika yakija, hasa Mei, kila kitu kinavimba kidogo. Droo iliyobanwa vizuri Februari inaweza kugoma kufunguka Mei. Fundi mzoefu huacha nafasi ndogo kwa sababu hiyo, usimgombeze kwamba ameacha mwanya. Na kama harusi ni mwezi wa Agosti, usisubiri mpaka Juni kuagiza. Haraka ya mteja ndiyo inayomfanya fundi ashike mbao mbichi, maana mbao kavu hazipo na wewe umeshasema tarehe.

Tulipata ujumbe wa kijana mmoja wa upande wa Msambweni aliyeagiza kitanda cha 5 kwa 6 na kabati la milango mitatu kwa ajili ya ndoa yake. Alikuwa na wiki tatu. Akalipa bei yote siku ya kwanza ili fundi "asiwe na sababu". Fundi alifanya kazi, hakumtapeli. Lakini alinunua mbao zilizokuwepo, na ndani ya miezi minne mlango wa kati wa kabati ukajikunja kama upinde. Kijana alitaka tumrudishie pesa. Hatukuweza. Muamala ulikuwa wake, kwa namba sahihi, kwa mtu sahihi. Kilichomuumiza ni kwamba siku ile kasoro inajitokeza, hakuwa na shilingi hata moja iliyobaki mkononi ya kumshawishi fundi arudi.

Mbao imetoka wapi

Hili si la watu wa mazingira peke yao. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba marufuku yameondolewa, na suala likafika mahakamani. Katikati ya hayo yote, mbao ngumu zimezidi kuwa adimu na bei imepanda. Kwale tuna misitu ya kaya, ikiwemo Kaya Kinondo, ambayo iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Humo wazee hawaruhusu mti kukatwa. Bado miti mikubwa ya pwani huwavutia wezi wa mbao.

Kwa hiyo uliza. Fundi aliyenunua mbao kwa njia halali anaweza kukuambia muuzaji ni nani, na mbao zinazosafirishwa zinatakiwa kuwa na kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Ukiletewa bei ya mbambakofi iliyo chini mno kuliko karakana nyingine tatu, kuna mawili: si mbambakofi, au ina kesi. Mbao ya wizi ikikamatwa njiani kabla kitanda hakijaisha, arbuni yako imekamatwa nayo.

Huko Marekani kuna jamii ya Waamish, wakulima na mafundi wanaoishi bila umeme wa gridi, hasa Pennsylvania, Ohio na Indiana. Fanicha zao za mwaloni na mchereko mwingine wa miti migumu zinasifika, na watu wanakubali kungoja miezi ili kutengenezewa. Tukiangalia vizuri, biashara yao inafanana na ya karakana ya Msambweni: unaagiza, unajua aliyetengeneza, unasubiri. Tofauti kubwa ni kwamba mteja wa kule anapewa karatasi inayotaja mti, vipimo, vanishi na tarehe. Karatasi hiyo haigharimu kitu. Hata hapa inawezekana.

Sasa pesa

Andikeni. Hata kama fundi ni mjomba wako. Ujumbe wa WhatsApp unatosha: aina ya mti, vipimo kwa inchi, idadi ya droo, aina ya vyuma, nani analipa usafiri, siku ya kumaliza, bei, na jinsi itakavyolipwa. Mwombe fundi ajibu "nimekubali". Sio kumkosea adabu, ni kumsaidia na yeye asije akaambiwa aliahidi droo sita.

Kisha gawa malipo. Wengi hugawa mara mbili, nusu mwanzo na nusu mwisho. Sisi tunapendekeza mara tatu. Tuseme kitanda ni KSh 60,000. Arbuni ya 24,000 inanunua mbao. Awamu ya pili, 18,000, unailipa kazi ikiwa imesimama lakini haijapigwa vanishi. Hii ndiyo awamu muhimu kuliko zote. Mbao ikiwa uchi haifichi kitu: rangi yake, weupe wa pembeni, vishimo, viungo, hata mafuta ya kujazia nyufa vyote vinaonekana. Nenda mwenyewe, au mtume mtu anayejua. Picha hazitoshi. Baada ya hapo ndipo vanishi ipigwe, na 18,000 iliyobaki isubiri siku ya kuletewa.

Kama hiyo arbuni huna kwa mkupuo, lipa mdogo mdogo kwa akiba yako mwenyewe kabla ya kuagiza, au kupitia chama. Usimtumie fundi 2,000 leo na 1,500 kesho. Vijipesa vya namna hiyo huingia kwenye unga na nauli za watoto wake, na mbao hazinunuliwi. Si uovu, ndivyo pesa ndogo zilivyo.

Unapotuma, soma jina kwenye skrini kabla ya kubonyeza namba ya siri. Kama uliongea na karakana yenye jina fulani na skrini inakuletea jina usilolijua, simama, piga simu uulize. Ikiwezekana lipa kwa till ya biashara badala ya namba ya mtu binafsi, maana rekodi yake inaonyesha wazi kwamba ulilipa biashara. Na meseji za uthibitisho usizifute. Zipige picha, ziweke pamoja na yale makubaliano ya WhatsApp.

Jihadhari zaidi na "fundi" wa Facebook mwenye picha za vitanda vya Lamu vilivyochongwa vizuri, bei nusu, na karakana "iko Ukunda" lakini hawezi kukuelekeza stegi ya kushukia. Msambweni si mbali. Panda matatu ukaone.

Watu hutuuliza: je, muamala unaweza kurudishwa? Kurudisha ni kwa pesa uliyotuma kimakosa, mathalani umekosea tarakimu moja. Hapo tupigie mara moja, kabla mpokeaji hajaitoa. Lakini fundi aliyechelewa, au aliyetumia mbao mbaya, huo ni mgogoro wa makubaliano na hatuwezi kuuamua kwa kubonyeza kitufe. Anza na mazungumzo, kisha mzee wa mtaa au chifu. Ikishindikana, ipo Mahakama ya Madai Madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, huhitaji kuwa na wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Hapo ndipo zile meseji zako zitakapokuwa na thamani.

Siku ya kuletewa

Kama fanicha inavuka Likoni kwenda Mombasa, kubalianeni mapema nani anabeba hasara ikikwaruzwa kwenye pikapu au kivukoni. Kitanda kikifika, kikazwe mbele yako. Kiwekwe mahali pake, sakafu yetu nyingi hazijanyooka. Kalia kona zote nne. Fungua kila droo, funga kila mlango. Kiache na nafasi ya kiganja kutoka ukutani, hasa ukuta unaopata unyevu wa mvua, na miguu isikae juu ya mchanga au udongo mtupu.

Ndipo utume awamu ya mwisho. Na hili la mwisho ni kwa mafundi, kwa sababu nanyi ni wateja wetu: usiachie mzigo kwa kuonyeshwa skrinshoti kwenye simu ya mteja, wala kwa meseji iliyotoka namba ya kawaida. Subiri ujumbe uingie kwenye simu yako, kisha angalia salio lako mwenyewe. Mtandao ukiwa chini, kaa unywe chai kwanza. Mteja mwema atakupikia.